Nusu ya Jina la Mwanangu

Watu wa mikoa mingine hututania Wahaya kwa neno moja: nshomile. Maana yake "nimesoma". Wanalisema kama tusi, kwamba Mhaya akipata cheti chochote lazima mtaa mzima ujue. Mimi sioni tusi hapo. Cheti changu kimetundikwa dukani, nyuma ya kaunta, ndani ya fremu ya kioo, mahali ambapo mteja hawezi kuchagua rangi bila kukiona. Ni stashahada ya ujenzi. Niliipata Dar es Salaam nikiwa mtu mzima, mchana nabeba zege, jioni nakaa darasani na vumbi la saruji masikioni, bila mjomba serikalini wala padri wa kuniandikia barua. Mtu akiniita nshomile namjibu, "Ndiyo, na nimejenga." Kisha namwonyesha ukuta.

Nayaweka haya mbele ili anayesoma ajue anaongozwa na nani. Sikurudi Bukoba kwa kushindwa na maisha. Nilirudi na gari langu, nikanunua kiwanja Nshambya, nikasimamisha nyumba kwa ramani niliyoichora kwa mkono wangu, nikafungua duka la vifaa vya ujenzi Rwamishenye. Wapo niliosoma nao darasa moja kijijini Izigo ambao mpaka leo wanasubiri kugawiwa kibanja, shamba la migomba la nyumbani, na baba zao. Mimi sikusubiri.

Lakini ninachotaka kuandika si duka. Ni jina lililo juu ya mlango wa duka, kwa herufi nyekundu. Lilikuwa jina la mwanangu. Watu wengine nitawataja kwa undugu wao tu. Jina moja linatosha kuandikia, tena ni zito.

Jina lenyewe ni Nshekanabo. Kwa Kiswahili: nacheka nao.

Majina yetu mengi ya Kihaya ni sentensi. Mzazi alikuwa na neno moyoni, juu ya jirani, juu ya mke mwenza, juu ya kifo, akalisema kupitia mtoto. Mtoto akiitwa kula, jirani upande wa pili wa migomba naye amepata ujumbe wake. Hilo la Nshekanabo lilikuwa la babu yangu, mzaa baba. Namkumbuka kama mtu mrefu aliyependa kukaa mlangoni akitafuna buni kavu, zile tunazompa mgeni kabla ya maneno yoyote. Alipofariki, jina lilikwenda naye. Utotoni mwangu sikumsikia mtu mwingine analo, si shuleni, si gulioni, si kanisani Jumapili za ubatizo ambapo majina ya watoto yalisomwa moja baada ya jingine. Katekista aliwahi kuniambia kwamba kwa umri wake wote alikuwa amemwandika mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa babu, kwenye daftari la wafu.

Kwa hiyo mke wangu alipojifungua mtoto wa kiume, baada ya miaka mirefu ya kungoja na kuulizwa na watu, sikutafuta jina kwenye simu kama vijana wa siku hizi. Nilisema: la babu. Wangapi wana jina ambalo hakuna mwingine analo wilaya nzima?

Mama yangu, aliyekuwa amekuja mjini kumpikia mzazi uji, alisikia akaweka mwiko chini.

"Ni jina la ukoo wenu, waitu," alisema, kwa lile neno letu la heshima. "Ukilitaka, nitaliita."

Alisema hivyo kwa sababu ya desturi yetu. Sijui koo nyingine hufanyaje, lakini kwetu baba huchagua jina na mama yake ndiye huliita. Mtoto hupelekwa nyumba ya Izigo. Bibi humshika mlangoni, uso wa mtoto ukielekea kibanja, baba akiwa amesimama uani. Mama wa mtoto hubaki ndani, nyuma yao, gizani. Bibi huita jina kwa sauti, na kwa kuwa mtoto hana kinywa cha kujibu, mama yake ndiye huitikia. Akishaitikia, jina limeshika. Asipoitikia, sijui huwa nini, maana sikuwahi kusikia mama aliyenyamaza.

Siku ile mama aliita, "Nshekanabo!" Mke wangu akaitikia kutoka ndani, "Eee, waitu!" kwa sauti iliyowafanya kuku watawanyike. Sote tulicheka. Hata mtoto alikunja uso kama anayetaka kucheka.

Na alikuwa mtoto wa kucheka kweli. Alicheka akioshwa, alicheka akichomwa sindano kisha ndipo akakumbuka kulia. Alipoanza kutembea nilimleta dukani, nikamkalisha juu ya mifuko ya saruji, nikamwita mpiga picha. Ikatoka picha ambayo sijaona nyingine kama ile: mtoto ametapakaa vumbi la kijivu, kichwa amekirudisha nyuma, meno machache yote nje. Wakati huo nilikuwa nimebadilisha jina la duka kuwa lake. Nikachapisha kalenda, picha ile katikati, jina juu kwa herufi nyekundu, na chini yake tafsiri ili hata asiyejua Kihaya aelewe: Nacheka Nao.

Sikuziuza. Kila aliyenunua hata kilo ya misumari aliondoka na kalenda. Zilikwenda Kamachumu, zikaenda Muleba mjini, zikavuka kwa boti hadi visiwani. Ukiingia saluni, ilikuwapo. Ukiingia kwa muuza rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwapo, imelowa kona moja. Kwenye vyumba walikolala kina mama waliojifungua iliwekwa ukutani kwa sababu ya tarehe, na kina mama wakalala wakimtazama mwanangu anacheka.

Ndivyo jina lilivyoanza kuenea. Kwanza mjukuu wa fundi wangu wa bati. Kisha mtoto wa mwalimu mmoja wa Izigo. Kisha nikaacha kufuatilia. Katekista alinipigia simu kunitania: "Mzee, jina la duka lako litafutiwe sikukuu yake." Nilijivuna, na sioni kwa nini nisingejivuna. Jina lililokuwa limezikwa na babu nililifufua mimi, kwa kalenda, kwa herufi nyekundu.

Jirani yangu dukani ni fundi cherehani, Mwislamu, mtu wa makamo kama mimi. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye amezaliwa Bukoba na Kihaya chake ni kizuri kuliko anavyokubali. Huniita Bwana Saruji. Asubuhi moja alikuja na kikombe chake cha kahawa akakaa juu ya ndoo ya rangi.

"Bwana Saruji, mjukuu wangu tumempa jina la duka lako."

"Mtoto wa Kiislamu?"

"La msikitini analo. Hili ni la kumwitia uji."

"Maana yake unaijua?"

"We! Nakaa hapa kila siku nakusikia ukiwahubiria wateja. Nacheka nao. Mtoto acheke na watu, kuna ubaya gani? Au umelikatia leseni?"

"Nitakuja kumkagua kama analistahili."

"Njoo na mfuko mmoja wa saruji, ndiyo zawadi ya somo."

Tukacheka. Mwanangu alikuwa pale, chini ya kaunta, anapanga bawaba za milango kwenye mstari.

Mvua za Aprili ndizo zilizomchukua. Homa ilianza kama homa za watoto, ikashuka, ikapanda, ikashuka. Sitaandika juu ya hospitali. Walifanya walichoweza, na mimi niliyezoea kuuliza kila fundi kwa nini umefanya hivi na si hivi, sikuwa na swali hata moja. Alikuwa bado hajaanza shule. Sare nilikuwa nimeshashonesha, kwa jirani yuleyule.

Tulimzika Izigo, kibanjani, karibu na babu. Nyumba ilitandikwa nyasi kama inavyotandikwa penye msiba, watu wakakaa chini, wakaja na mikungu ya ndizi, wakaimba. Jeneza nilitengeneza mwenyewe. Mbao nilikuwa nazo, na sikutaka mkono mwingine upime urefu ule. Kila kiungo kilikaa sawasawa. Naweza kusema bila aibu kwamba halikuwa na kasoro.

Msiba ulipoisha ndipo nilipogundua kitu ambacho sikukifikiria. Kalenda hazikuondoka. Mwaka wake ulikuwa umekwisha lakini watu walikuwa wameipenda ile picha. Walikata sehemu ya tarehe wakabaki na mtoto. Nilikuwa naingia nyumba ya mteja kupima paa, ninainua macho, namwona.

Na wale waliopewa jina lake walikuwa wakikua. Walianza kutembea, kupotea, kuitwa.

Siku moja nilikwenda na mke wangu gulioni Muleba kununua maharage. Alikuwa ameinama juu ya gunia, ameshika maharage kiganjani anayatazama. Nyuma yetu mwanamke akaita, kwa hasira ya kawaida ya mama anayeita mtoto, "Nshekanabo! We Nshekanabo!"

Mke wangu akaitikia, "Eee!"

Aliitikia kwa nguvu, kama siku ile ya mlangoni, akageuka na maharage yakamwagika. Mtoto mdogo asiye na viatu alipita kati yetu mbio kwenda kwa mama yake. Yule mwanamke alimtazama mke wangu, kisha akacheka, akidhani ni mzaha. "Na wewe unaitwa hivyo, mama?" akauliza. Mke wangu akacheka naye. Aliokota maharage, akalipa, tukarudi garini.

Tangu siku ile hakwenda tena gulioni, wala Izigo. Kanisani alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, ili mtoto akiitwa aweze kutoka. Aliniomba nibadilishe jina la duka. Nilimwambia duka linajulikana kwa jina hilo mpaka visiwani. Alitikisa kichwa, hakuomba tena.

Kisha Mungu akatupa mimba nyingine, wakati hata wale waliozoea kutuuliza walikuwa wameacha. Mtoto alizaliwa Novemba, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, wakati Bukoba yote hunuka senene wa kukaanga na watu hawalali kwa kuwakamata kwenye taa. Alikuwa wa kiume. Ndugu walipiga simu, na kila mmoja alisema neno lilelile: "Amerudi."

Mimi nililipokea neno hilo. Kama amerudi, arudi na jina lake. Watoto wa wateja wangu wanalo, mjukuu wa fundi cherehani analo, na nyumbani kwangu, mimi niliyelitoa kaburini, hakuna wa kuitwa. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma. Nilitaka nikiita jina lile uani kwangu, mtoto aje.

Nilimwambia mke wangu akiwa ananyonyesha. Hakuinua macho.

"Nitakuwa namwita yupi?" aliuliza.

"Huyu."

"Na yule akidhani ni yeye?"

"Mama watoto, hayo ni maneno ya watu wasiosoma."

"Basi mimi sikusoma," alisema. "Nenda umwambie mama aite jina analotaka. Akiita hilo, sitaitikia. Nakuambia mapema usije ukasema nimekuaibisha mbele ya watu."

Namfahamu. Ni mwanamke asiyerudia jambo. Nilifanya hesabu zote za mtu aliyezoea kupata anachotaka: kwamba mlangoni, mbele ya ndugu, atashindwa kunyamaza; kwamba mama atazungumza naye; kwamba akiitikia mara moja atazoea. Nikampigia mama, nikamwambia jina ni lilelile. Mama akasema, "Nimesikia, taata, baba yangu. Waleteni."

Tulikwenda Izigo siku moja kabla, maana kulikuwa na kazi. Mfereji wa kukinga maji ya mvua juu ya baraza ulikuwa umelegea, na siwezi kukaa kwenye nyumba ya mama yangu nikisikia maji yanadondoka ovyo. Asubuhi nilisimamisha ngazi nikapanda. Chini yangu, barazani, mama alikuwa ameketi kwenye mkeka na ungo wa senene, ananyonyoa mbawa na miguu kwa vidole vinavyokwenda vyenyewe. Mke wangu alikaa kando yake, mtoto mapajani, naye ananyonyoa. Walizungumza kama vile ngazi haikuwa na mtu.

"Mama, wewe unajua nimesema nini," mke wangu alianza.

"Ameniambia."

"Utaniita mkaidi."

"Ukaidi wa nini? Wewe una mdomo wako." Mama alitupa mbawa pembeni. "Unamnyonyoa vibaya huyo, unamwacha na mguu. Mumeo atakwamwa kooni atuambie amesomea."

Mke wangu akacheka kidogo. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa siku nyingi. Nilishikilia bisibisi bila kuizungusha.

"Sikiliza sasa," mama akasema. "Hilo jina si zima. Ni nusu."

"Nusu?"

"Mama mkwe wangu aliniambia siku ya kumzika binti yangu."

Senene walikuwa wakiruka ndani ya ungo.

"Binti yupi, mama?"

"Wa kwanza. Kabla ya huyo aliye juu ya ngazi." Hakuinua kichwa. "Alikaa kwetu kidogo tu. Yuko pale, penye ule mgomba ulioinama."

Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, mwenye stashahada, ninayeijua kila nguzo ya nyumba ile, na sikuwa najua kwamba nilikuwa na dada. Ule mgomba niliwahi kumwambia mama aukate kwa sababu unaziba njia. Alicheka akasema atamwambia kijana aje. Hakumwambia.

Mama aliendelea, akinyonyoa. Alisema babu yangu alipozaliwa hakuwa mtoto wa kwanza wa mama yake. Mama huyo alikuwa mke wa pili. Mtoto wake wa kwanza, mchanga bado, alikufa alfajiri ya siku ambayo mtoto wa mke mkubwa alikuwa anaoa. Wageni walikuwa wameshafika, rubisi imeshajaa mitungini, ngoma zimeshaanza kupashwa moto. Mume wake akamwambia: leo hapana, usilie, utaharibia watu. Mke akamzika mwenyewe nyuma ya nyumba, akanawa mikono, akajifunga kanga, akatoka kuwapa wageni rubisi. Walimtania kwa kuchelewa, wakamwambia amelala sana, akacheka. Walimvuta kwenye ngoma, akacheza. Jioni wakamsifu kwamba ni mke mwenye moyo mweupe.

"Alipopata huyu wa pili," mama alisema, "mama mkwe wake akamshika mtoto mlangoni akamuuliza, tumwite nani. Siku ile mume hakuchagua. Mama wa mtoto mwenyewe akasema, Nshekanabo. Watu wote uani wakafurahi. Nacheka nao! Kumbe amesahau, kumbe hana kinyongo. Nusu iliyobaki aliisema ndani, polepole, mama mkwe peke yake akasikia."

"Alisema nini?"

"Tibamanya."

Tibamanya. Hawajui. Nacheka nao, hawajui.

"Hiyo nusu haiitwi," mama alisema. "Tunaambiana sisi tunaokuja kuolewa hapa, tena yule tu aliyezika. Nilikuwa naomba nisiwe na wa kumwambia."

Niliona mabega ya mke wangu kutoka juu, na mkono wa mama, wenye vipande vya mbawa vimegandamana, umewekwa shingoni kwake. Walikaa hivyo. Senene kadhaa walitoka ndani ya ungo wakaruka wakaenda zao, na hakuna aliyewarudisha. Nilimaliza kukaza mfereji. Nilikaza na skrubu zisizohitaji kukazwa.

Kesho yake ndugu walikuja. Walipewa buni za kutafuna, wakakaa uani. Nilisimama mahali anaposimama baba, suti yangu ya kijivu imepigwa pasi. Mama alitokea mlangoni na mtoto, akamgeuza uso kwenye kibanja. Nyuma yake kulikuwa giza, na ndani ya giza hilo nilijua mke wangu amesimama. Nilikuwa nimesikia yote ya barazani, na bado sikuwa nimemwambia mama abadilishe. Nilikuwa nangoja nione. Nilikuwa nangoja aite lile jina na kimya kile kije, na sikujua nitafanya nini na mikono yangu.

Mama alinitazama kwa muda. Kisha akamtazama mtoto.

"Tibamanya!" akaita.

Uani watu waligeukiana. Kutoka ndani hakukutoka kitu. Mtoto alipiga chafya. Mama akaita tena, taratibu, kama anayemwita mtu aliye karibu.

"Tibamanya."

"Eee," mke wangu akaitikia. Sauti ilikuwa ndogo na ilikuwa imelowa. "Eee, waitu."

Basi likawa limeshika.

Baadaye, watu wakila, nilimfuata mama jikoni.

"Mama, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana na nani? Wewe ulikuwa juu ya ngazi."

"Ulisema hiyo nusu haiitwi."

"Haikuitwa kwa sababu ile nyingine ilikuwa ndani ya nyumba. Sasa ile umewapa watu kwenye kalenda, taata. Wanawaitia watoto wao uji, wanafurahi. Waache nayo. Wamempenda mwanao bila kumjua." Alinipa sahani. "Hii iliyobaki ni yetu. Kula, nyama inapoa."

Nilikula. Kabla ya kuondoka nilikwenda hadi kwenye mgomba ulioinama, nikauwekea mti wa kuutegemeza, mti mzuri wa mkaratusi, nikauchimbia chini kama nguzo ya nyumba. Mama alinitazama kutoka mlangoni. Sikuuliza dada yangu aliitwa nani.

Mke wangu sasa huja dukani. Humfunga mtoto mgongoni, hupima misumari, hugombana na wateja wanaotaka kuongezewa. Jina la duka ni lilelile, herufi nyekundu, nimezipaka upya. Kuna asubuhi namwona akipita chini yake bila kuinua kichwa, na kuna asubuhi huinua.

Juzi jirani yangu alikuja na kahawa yake, akakaa kwenye ndoo, akamtekenya mtoto mguuni.

"Na huyu Bwana Saruji mdogo, hujatuambia anaitwa nani. Tuandae kalenda?"

"Tibamanya."

"Ahaa. Maana yake?"

"Mwenyewe unajua Kihaya."

"Hawajui." Aliionja kahawa akafikiri. "Hawajui nini?"

Mke wangu alikuwa kwenye mizani. Nje, mjukuu wa jirani alikuwa amejiachia barabarani akifukuza tairi, na kabla sijajibu jirani alinyoosha shingo akapaza sauti, "Nshekanabo! Toka barabarani, we Nshekanabo!"

Mkono wa mke wangu ulisimama juu ya misumari. Niliuona mdomo wake ukifunguka kidogo, kisha ukafungwa. Alimrusha mtoto juu mgongoni kumweka vizuri, akanong'ona nyuma ya bega ile nusu ya ndani, akaendelea kupima.

"Sasa? Hawajui nini?" jirani akaniuliza tena, akitabasamu. "Ninyi nshomile, hata majina yenu ni mtihani."

Alicheka kwa nguvu, akapiga goti lake. Mimi nikacheka naye.